Maswali Yenu: Ukifika Jinja, Inua Macho

Tangu Jinja ya Uganda, penye chanzo cha Mto Nile, ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, barua zinazouliza habari za majengo yake ya zamani na makumbusho zimeongezeka. Tumechagua sita. Nyingine zilikuwa zinauliza bei za hoteli, hizo tumeziacha.

Ndugu Wahariri, mimi ni mwalimu wa historia sekondari, upande wa Iganga. Nataka kuleta wanafunzi 45 Jinja kwa siku moja waone majengo ya kale na makumbusho. Mara iliyopita tulizunguka mjini ndani ya basi, watoto wakala chipsi, tukarudi. Nianzie wapi? – Mwalimu, Iganga

Mwalimu, basi ndilo lililowaharibia siku. Kutoka dirishani mwanafunzi anaona vibao vya duka la simu na duka la dawa, basi. Kinachostahili kuonwa Main Street na Iganga Road kiko juu ya kimo cha mlango: mwaka uliochongwa, jina la mwenye nyumba, maua ya saruji, roshani, matao. Aliyekaa ndani ya basi paa la gari linamkatia sehemu hiyo yote.

Egesheni mahali pamoja, mtembee. Wagawe makundi matatu ya wanafunzi 15, kila kundi na mwalimu wake. Kundi moja likamate upande mmoja wa Main Street, la pili upande wa pili, la tatu Iganga Road. Watazame jengo wakiwa upande wa pili wa barabara, si chini yake. Ukisimama barazani huoni chochote ila dari. Kila mwanafunzi awe na karatasi ngumu na penseli, achague majengo matano tu, na kwa kila moja aandike mwaka kama upo, jina au herufi zilizochongwa, idadi ya nguzo, vilivyomo chini na juu sasa hivi, kisha achore alama moja. Matano yanatosha. Ukiwapa ishirini watanakiliana.

Ratiba yetu ingekuwa hivi. Saa mbili na nusu asubuhi muwe mmeshashuka. Hadi saa nne na nusu ni barabarani. Saa tano makumbusho, kwa makundi, kwa sababu vyumba ni vidogo na wanafunzi 45 kwa pamoja watamsikia mwelekezi mstari wa mbele tu. Kundi linalosubiri liendelee na michoro au lile. Mto Nile uwe wa mwisho kabisa, baada ya saa nane. Tunalisisitiza hili kwa sababu walimu wengi huanzia mtoni, na mtoto akishaona maji na mashua hutampata tena kwa habari za plasta na nguzo.

Siku ya juma ni bora kwa makumbusho. Jumapili asubuhi ni bora kwa majengo, kwa kuwa maduka mengi yamefungwa na bidhaa hazijatandazwa barazani. Huwezi kupata vyote viwili. Kwa shule, chukueni siku ya juma, lakini wafundisheni watoto adabu ya baraza: ni njia ya wapita njia na pia ni sehemu ya kazi ya fundi cherehani. Wasizibe mlango wa mtu.

Kabla ya safari, wiki mbili mapema, uwe na barua ya ofisi ya elimu ya wilaya yako, na nakala moja uipeleke ofisi za jiji la Jinja. Makumbusho wapigie simu, tena uwapigie upya siku moja kabla. Taasisi ndogo hufunga kwa ajili ya mazishi, semina au kukatika kwa umeme, na hakuna atakayekutafuta kukuambia. Choo cha wanafunzi 45 kinapangwa mapema na mkahawa mmoja, kwa makubaliano ya fedha. Hili ndilo linalosahaulika kila mara. Cross-Cultural Foundation of Uganda, shirika la urithi wa utamaduni, imetoa ramani za majengo ya kale ya Kampala, Entebbe na Jinja. Tafuta ya Jinja, uitembee peke yako kwanza.

Mzee mmoja aliniambia kwamba ukijua kusoma alama za juu ya maduka ya Jinja unajua aliyejenga alikuwa nani. Ni kweli? Na mbona jengo moja lina alama ya Hitler? – Msomaji, Bugembe

Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Anza na ukuta mfupi unaopanda juu ya baraza na kuficha mabati. Hapo katikati ndipo mwenye nyumba alipoandika alichotaka mji umkumbuke nacho: mwaka, jina lake, herufi za mwanzo, au jina la mama au mke. Mwaka huo kwa kawaida ni wa kumaliza ujenzi, lakini uwe na shaka pale ambapo uso wa jengo una mtindo wa miaka ya baadaye kuliko namba iliyoandikwa. Inawezekana uso ulijengwa upya na namba ikabakizwa.

Hiyo alama unayoita ya Hitler ni swastika, alama ya heri kwa Wahindu na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India) kwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Wanazi kuichukua. Ikiwa juu ya mlango, aghalabu pamoja na alama ya Om au ua la yungiyungi, mjenzi alikuwa Mhindu au Mjaini. Mwezi na nyota, au namba 786, ni nyumba ya Mwislamu mwenye asili ya Bara Hindi. Namba hiyo huwakilisha Bismillahi kwa hesabu ya herufi za Kiarabu. Usichanganye 786 na namba ya nyumba, kosa ambalo hata wanaotembeza wageni hulifanya.

Mtindo nao unasema. Majengo ya awali yana matao, nguzo nene na mapambo ya maua yaliyofinyangwa kwa plasta. Kuanzia miaka ya 1930 mistari inanyooka: michirizi mitatu ya mlalo, kona zilizoviringwa, vikinga jua vya zege juu ya madirisha, herufi zilizosimama wima. Ni mtindo uliokuwa ukienea duniani kote wakati huo, ukaletwa na mafundi na michoro kutoka Bombay, Nairobi na kwingineko. Milango ya zamani ikiwa mizito na ya kahawia iliyokolea, yaelekea ni mvule, mti ambao Busoga, eneo ilimo Jinja, ilisifika nao.

Mpango wa ndani haubadiliki sana. Mbele duka, nyuma au juu makazi, kisha ua wenye jiko, tangi la maji na vyumba vya kuhifadhia, na mwisho kabisa kichochoro cha nyuma. Katika miji mingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki kichochoro hicho kiliachwa kwa sababu ya vyoo vya ndoo: wafanyakazi wa mji walipita usiku kuondoa ndoo bila kupita mbele. Ukipata ruhusa ya kuingia uani, ingia. Mbele ya jengo hupakwa rangi mpya kila uchaguzi, ila uani mara nyingi hapajaguswa.

Soma pia majina ya barabara. Clive Road yaelekea ina jina la Mwingereza aliyehusika na utawala wa India, si Uganda. Inakuonyesha waliopanga mji walikuwa wanafikiri kutoka wapi. Gabula, mwenye Gabula Road, ni cheo cha machifu wa Bugabula, sehemu ya Busoga. Na Luba, mwenye Lubas Road, ndiye chifu ambaye katika eneo lake Askofu James Hannington aliuawa Oktoba 1885.

Nilipiga picha Jinja, askari akanitaka nifute. Na zilizobaki zimetoka mbaya, juu kweupe na chini ya baraza giza tupu. Sheria ikoje, na kosa langu ni lipi? – Kijana, Mbale

Ndugu yetu, hujatuambia ulikuwa wapi, lakini huenda ilikuwa karibu na bwawa au daraja. Bwawa la Nalubaale, ambalo zamani liliitwa Owen Falls na lilifunguliwa mwaka 1954, ni mtambo unaolindwa na askari, na kupiga picha pale hakuruhusiwi. Daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018 nalo lina walinzi, na kusimama juu yake kwa picha ni kujitafutia maneno. Kambi ya jeshi, vituo vya polisi na benki uviepuke vilevile. Ukiambiwa ufute, futa mbele yake, salimia, endelea na safari. Kubishana na mwenye bunduki kuhusu urithi wa taifa hakujawahi kumsaidia mpiga picha.

Uso wa duka ukiwa barabarani hauhitaji ruhusa ya maandishi kwa kawaida, ila mwambie mwenye duka kabla ya kunyanyua simu. Sababu ni ya maana: mpangaji akiona mtu anapiga picha jengo lake bila kusema neno, hudhani ni kesi ya umiliki au mtu wa kodi. Sentensi moja inatosha: "Napenda tarehe ile ya juu, naomba niipige picha." Ndege zisizo na rubani ziache nyumbani, zinahitaji vibali vya ngazi ya taifa.

Kuhusu giza. Jinja iko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, hivyo kila kinachochomoza ukutani hutupa kivuli kirefu kuelekea chini, na baraza huwa pango. Simu ikipima mwanga wa mabati, baraza linazama. Ikipima baraza, anga linaungua. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi kwa kuta zinazotazama mashariki, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili kasoro jioni kwa zinazotazama magharibi.

Kuta za kaskazini na kusini zina msimu wake. Juni jua la mchana liko kama digrii 23 kaskazini ya utosi, basi kuta zinazotazama kaskazini zinang'aa na za kusini hazipati jua kabisa. Desemba mambo yanageuka. Kwa ukuta ulio kivulini subiri siku ya mawingu mepesi. Ndiyo siku ambayo herufi zilizochongwa zinasomeka vizuri bila weupe wa juu. Na usielekeze simu juu kwa pembe kali, nguzo zitaonekana zinaangukiana. Rudi nyuma hadi upande wa pili wa barabara, shika simu wima, halafu kata sehemu ya chini usiyoihitaji.

Nilikwenda katika makumbusho ndogo, nikakuta vibuyu, ngoma na nguo za magome, vingi havina maelezo. Nikamaliza kwa dakika kumi. Je, kuna njia ya kufaidi? – Mama wa watoto watatu, Njeru

Ipo, Mama, na inaanza na kutotembea peke yako. Katika makumbusho ndogo za Uganda maelezo mengi yako kichwani mwa mhudumu, si ukutani. Usinunue tiketi na kuingia. Kaa dakika mbili mapokezi, useme uko na watoto, uulize nani anaweza kuwaeleza. Beba noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000, maana chenji huwa tatizo, na viingilio hubadilika.

Chagua vitu vitatu, siyo chumba kizima. Kwa kila kimoja uliza: kimetengenezwa kwa nini, nani aliruhusiwa kukitumia, na kwa nini hakitumiki tena. Swali la tatu ndilo linalofungua mdomo wa mhudumu.

Jinja ina makumbusho ya Cultural Research Centre, taasisi ya Jimbo Katoliki la Jinja inayojulikana pia kwa kazi zake za lugha ya Lusoga. Kokote utakapoona vitu vya Busoga, ulizia bigwala. Ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi kwa seti, na kila moja inatoa sauti moja tu. Hivyo mtu mmoja hawezi kupiga wimbo: kila mpigaji anangoja zamu yake ndani ya wimbo, na mmoja akikosekana wimbo una pengo. Zilipigwa katika shughuli za kifalme, kama kutawazwa na mazishi. UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wakati mafundi wazee waliozijua kikamilifu walikuwa wamebaki wanne. Watoto wako wakigawana sauti watatu, kila mmoja noti yake, wataelewa kazi hiyo kuliko maelezo yoyote.

Ulizia pia embaire, marimba makubwa ya mbao yanayolazwa juu ya vigogo vya migomba, na shimo chini yake la kukuza sauti. Bila shimo lile, marimba yaliyowekwa kwenye sakafu ya saruji ya makumbusho ni nusu ya chombo. Msikilizaji akisema sauti ni kavu, ana haki. Nguo ya gome hutoka kwenye mti wa mutuba. Iangalie dhidi ya mwanga, utaona viraka vilivyoshonwa pale gome lilipochanika wakati wa kupondwa. Usiiguse bila kuambiwa. Jasho na mafuta ya vidole huiachia madoa yasiyofulika.

Ukipata nafasi ya Kampala, linganisha na Uganda Museum, iliyoanza mwaka 1908. Jengo lake la sasa la Kitante lilikamilika mwaka 1954 kwa michoro ya Ernst May, msanifu Mjerumani, nalo lenyewe ni la kutazamwa kabla hujaingia mlangoni.

Mimi nimepanga duka katika jengo lenye tarehe ya miaka ya 1920. Nimelipaka rangi mara mbili na plasta mpya ya saruji, lakini inavimba na kubanduka, na juu kumeota mti. Wageni wanapiga picha ubovu wangu! Nifanyeje? – Mwenye duka la vitenge, Jinja

Mama, rangi haina kosa, maji yamefungiwa. Kuta za enzi hiyo nyingi ni za matofali ya kuchoma na plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia plasta. Ukiuvika saruji ngumu na rangi ya plastiki, unyevu unaopanda kutoka chini au kushuka kutoka juu hauna pa kutokea, unasukuma hadi unavimbisha. Ukipaka tena, unaongeza kifuniko.

Kwanza tafuta maji yanaingilia wapi. Nyuma ya ule ukuta wa juu wenye tarehe kuna gata iliyofichika. Majani na mifuko ya plastiki ikiziba bomba la kushushia, maji yanasimama na kupenya ndani ya ukuta wako. Panda, au umtume fundi, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Septemba, kabla ya misimu ya mvua, isafishwe. Kazi hiyo ya saa mbili huzidi debe kumi za rangi.

Mti usiung'oe. Mizizi imeshaingia katikati ya matofali na ukivuta utashuka na ukuta, pengine na tarehe yenyewe. Ukate karibu na ukuta, pakaa kisiki dawa ya kuulia magugu siku hiyohiyo, ungoje ukauke kabisa, ndipo uondoe mabaki taratibu na kuziba.

Kisha kwaruza plasta ya zamani kwa kisu mahali pasipoonekana. Ikiwa laini na nyeupe-nyeupe inayodondoka unga, ni chokaa. Ikiwa ya kijivu na kisu kinateleza, ni saruji. Kwa ukuta wa chokaa, bandua saruji iliyolegea tu, usilazimishe iliyoshika. Plasta mpya iwe sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa sehemu tatu za mchanga safi uliochekechwa. Iloweke chokaa usiku kucha iwe kama uji mzito. Lowanisha ukuta kabla ya kupiga, kila tabaka lisizidi milimita 10, na uifunike kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa ili isikauke haraka na jua likaipasua. Chokaa hula ngozi na macho, fundi avae glavu na miwani. Mwisho, paka rangi ya chokaa. Mafundi wengi watakuambia chokaa ni ya zamani, saruji ndiyo imara. Kwa nyumba mpya tutawasikiliza, kwa hii hapana.

Ila ukiona nguzo au kikinga jua cha zege kimepasuka na nondo zenye kutu zinaonekana, hilo si la chokaa. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Mwite mhandisi, na usiruhusu mtu kusimama chini.

Kabla hujatoa shilingi, jua unamtengenezea nani. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 majengo mengi yaliingia mikononi mwa serikali, na sheria ya kurudisha mali ilitungwa mwaka 1982. Madai mengine yalichukua miaka. Fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, upate idhini ya mwenye jengo kwa maandishi, na kibali cha jiji kwa kazi inayogusa kuta au paa. Ujue pia kwamba umri peke yake haulifanyi jengo kuwa la kulindwa. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, ni lazima litangazwe rasmi. Lisipotangazwa, anayeweza kuiokoa ile tarehe ni wewe na mwenye nyumba.

Maporomoko ya Ripon yako wapi? Nimelipa kiingilio cha chanzo cha Nile na sikuyaona. – Msomaji, Tororo

Yako chini ya maji. Bwawa la 1954 liliinua kina cha mto na kuyafunika. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipafika tarehe 28 Julai 1862, na mnara wake uko ng'ambo ya magharibi, upande wa Njeru, kwa kiingilio kingine. Upande wa mashariki, Jinja, ndiko iliko sanamu ya kichwa cha Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India I. K. Gujral. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapo mwaka 1948. Ukitaka pande zote mbili, elewana na mwenye mashua bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda, na usikae ndani bila koti la kuokolea maisha hata akisema maji yametulia.